Tende za Usiku wa Shiva

"Maziwa haya unampelekea nani, dada?" msichana aliniuliza getini mwa hekalu la Wahindu.

"Ni ya mume wangu," nikamjibu, ingawa Ratilal alikuwa bado hajanioa. "Nimemfungia saumu tangu alfajiri."

Akatabasamu. Hina yake ilikuwa bado mbichi. "Hata mimi nimemfungia wangu. Ni mwaka wangu wa kwanza."

Nikampenda, Mungu shahidi. Mimi Mwantum, mshona kofia wa Moshi mjini, watu huwa siwapendi upesi, lakini yule nilimpenda pale pale.

Ratilal, fundi saa wa karibu na soko, ndiye aliyenifundisha habari za usiku ule. Kila mwaka kabla ya masika, Wahindu humkeshea mungu wao Shiva. Hawali, hawalali, na jiwe lake wanalimwagia maziwa mara nne mpaka kunakucha. Aliniambia mwanamke akimfungia mwanamume usiku huo, mwanamume yule akimwacha amejitafutia laana. Basi nikafunga miaka mitatu, tena kwa siri, maana mjomba wangu Salehe angejua nafunga saumu ya Wahindu angenitimua. Kila mwaka jua likikaribia kuzama, Ratilal alinitumia tende na kijikaratasi. Nikifuturu kwa tende zile, nakesha dirishani nikisikiliza kengele ya hekalu. Tangu utotoni nilijua saumu huisha jua likizama. Nani angeniambia kuna nyingine?

Huu ulikuwa mwaka wa nne. Ratilal aliahidi akeshe mara ya mwisho kumuaga mungu wake, kisha asubuhi aje kwa mjomba, asilimu, anioe. Mjomba alishatandika mkeka mpya. Maziwa ya kumuagia mungu huyo nilimwagiza muuza maziwa, Theopista wa Kibosho, naye akachelewa kushuka mlimani, akafika magharibi imekwishaingia. Niliogopa yasije yakachacha. Nikafunga tende alizonitumia jioni ile, na kijikaratasi chake, kwenye pindo la kanga na kukimbia, nitafuturu nikirudi.

"Wako yuko wapi?" nikamuuliza yule msichana.

"Yule pale aliyeshika kengele. Tumeoana mwezi juzi kwetu Tanga. Mimi nimefika kwa treni jana."

Aliyeshika kengele alikuwa Ratilal. Mwezi juzi aliniaga kwamba anakwenda Tanga kununua vipuri vya saa.

Aliponiona akatoka mbio. Akamwambia mkewe aingie ndani. Mkewe, Jamna, hakuingia.

"Rudi nyumbani, Mwantum. Nitakueleza kesho."

"Kesho mjomba anakungoja na shehe. Nieleze sasa. Si ulisema mwanamke aliyekufungia usiku huu huwezi kumwacha?"

"Wewe hukufunga."

"Miaka minne, Ratilal."

"Saumu hii haiishi jua likizama, inaisha asubuhi. Kila mwaka umekula. Haikuhesabiwa hata moja."

Hakupandisha sauti. Alisema vile anavyomwambia mteja kwamba saa yake haitengenezeki.

"Na tende alikuwa akileta nani?" nikauliza.

Akamtupia jicho mkewe.

"Tende gani?" akauliza Jamna.

Nikafungua pindo la kanga, nikampa kijikaratasi. Akakisogeza penye taa, akasoma kwa sauti: "Futuru kwa hizi, mpenzi. R."

Akakisoma tena kimoyomoyo. Kisha akamgeukia mumewe. "Ulijua mfungo wake ni kwa ajili yako. Ukamlisha ili uuvunje."

Ratilal hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwenye pindo la kanga yangu, kwenye tende zote saba.

"Hujala?"

"Bado. Maziwa yalichelewa."

Nikaona hofu usoni mwake, na nakiri, nilifurahi.

"Kula, Mwantum," akasema. "Nakuomba, kula hata moja."

Nilikuwa na njaa ya kuanguka. Nikampa Jamna kibuyu cha maziwa, nikakaa chini pale getini. Sikuwa namtaka Ratilal tena, roho ilishamkinai. Lakini kila walipomwaga maziwa alichungulia nje, na kila alipochungulia alinikuta nimekaa macho, tende ziko mapajani.

Kulipokucha Jamna alinirudishia kibuyu kitupu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Nimeyamwaga yote," akasema. "Jina la mume wangu sikulitaja."

Nilitaka kumwambia aondoke na treni ya siku ile ile. Sikumwambia. Aliondoka na Ratilal, akitembea nyuma yake hatua kadhaa.

Nyumbani nilimkuta mjomba amevaa kanzu safi, buli la kahawa liko jikoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huyo bwana yuko wapi?"

"Kunja mkeka, mjomba," nikamwambia, nikaketi kizingitini nikala tende ya kwanza.