Kokoto za Ukuta wa Zamani

Zege changa hunuka saruji, basi. Bamba lile la kuzuia risasi lilinuka baruti, na bado halijapigwa hata risasi moja. Fundi alilinusa, akauchuna, maana alijua alichokitia ndani.

Kokoto zilikuwa zimemwishia. Naye, kwa uvivu wake, akaponda ukuta wa zamani ulio nyuma ya karakana, ule ambao wakati wa vita watu walisimamishwa mbele yake wakamiminiwa risasi. Akauchanganya na nyuzi za chuma za kulitia zege nguvu, akamwachia mdogo wake amimine. Hakumwambia kitu.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi ya kiwendawazimu: aliyemimina bamba ndiye husimama nyuma yake siku ya majaribio, asije akalipua kazi. Mdogo mtu akaenda kusimama huku akicheka, akisema mkewe amemkataza kufa kabla ya chakula cha mchana.

Risasi ya kwanza ikanasa. Hata ufa hakuna. Ya pili ikanasa, na ndani ya zege mtu akaguna. Fundi akamrukia mpigaji, akamsihi aache, lakini mpigaji akamsukuma kando akafyatua ya tatu, na hapo zikalia sauti za watu wengi kwa pamoja, wanaume kwa wanawake, bamba likatetemeka, na nyuma yake mdogo mtu akapiga ukelele mmoja tu, na walipomfikia kifua kilikuwa kimechanguka kwa matundu yasiyohesabika, mbavu ziko nje, ilhali mgongo wa bamba hauna hata mkwaruzo.

Mganga aliletwa alasiri hiyohiyo. Akaligusa bamba, kiganja kikarudi na damu. Akasema majini yaliyolewa damu ya ukuta ule yamo humu, na atakayeyatoa ni aliyeyaingiza, kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi akainua nyundo huku analia. Pigo la kwanza tu, damu ikamrukia usoni.

"Kaka," ikaita sauti ya mdogo wake kutoka ndani. "Taratibu. Hapo ni kichwani."

"Piga," mganga akanong'ona. "Huyo si nduguyo."

Akapiga. Akapiga huku sauti inamwomba, mpaka bamba likawa changarawe na sauti ikakatika. Harufu ya baruti ikaisha. Mganga akamshika bega, akamwambia yametoka yote.

Waliokwenda kumwosha marehemu walirudi mbio. Kifua walikwisha kukiona. Lakini kichwa, walichokifunika kikiwa kizima, kilikuwa kimepondwa kwa nyundo.