Wakili wa Mlangoni

Mume wangu Ngatia ni mtu mzuri, lakini akishika jambo, hata trekta halimng'oi.

Mwaka 1974 binti yetu Wacera aliitwa kidato cha tano. Ndoto yake ilikuwa moja tu: kuwa wakili. Tulikuwa tukichuma kahawa hapa Othaya siku baba yake alipoamua kila kitu peke yake.

"Shule ya nini tena?" akasema. "Nimeongea na Wamae. Jumatatu Wacera anaanza kazi kwake. Miaka miwili hivi, yeye ni wakili."

"Baba Wacera, Jumatatu ndiyo siku ya kuripoti shuleni! Asipoenda, nafasi inapewa mtoto mwingine."

"Ati nafasi! Wamae ako na taipureta, na watu wanapanga laini kwake. Hiyo si uwakili ni nini?"

Nilichoka kabisa. Wamae alikaa nje ya mahakama mjini Nyeri, akiwaandikia watu barua na malalamiko. Kijiji kizima kilimwita wakili, naye hakuwahi kukataa.

Ijumaa Ngatia akampeleka Wacera kwa Wamae akaione kazi kwanza. Mimi nilikataa kubaki nyumbani. Tulimkuta Wamae akimwandikia mjane mmoja, Wakonyo, karatasi za kesi ya shamba. Mara jina la Wakonyo likaitwa. Wamae akamsindikiza hadi mlangoni, akasimama hapo.

"Si uingie naye?" Ngatia akamwuliza.

"Siruhusiwi kumsemea," Wamae akajibu, akitazama viatu vyake.

Sisi tuliingia, tukaketi nyuma. Upande wa pili ulikuwa na wakili wa kweli. Alisema, akasema tena. Wakonyo alisimama peke yake na karatasi zake. Hakimu alipomwuliza swali, aligeuka kutazama mlangoni. Wacera alinishika mkono kwa nguvu.

Tulipotoka, Ngatia alimfokea karani wa mahakama, mama aliyeitwa Kagure, kana kwamba kosa ni lake.

"Sasa wakili hutoka wapi?"

"Hutoka shule, mzee," Kagure akasema. "Kwanza amalize kidato cha sita na apite vizuri. Aende chuo kikuu asome sheria miaka mitatu, apate digrii. Halafu asome tena katika shule ya mawakili kule Nairobi, afanye kazi chini ya wakili mzoefu, na apite mitihani. Ndipo aapishwe mbele ya Jaji Mkuu, na jina lake liandikwe kwa orodha ya mawakili."

"Na akikaa kwa Wamae miaka kumi?"

"Hata ishirini, mzee. Atabaki mlangoni."

Jumatatu Ngatia alibeba sanduku la Wacera mwenyewe hadi shuleni.

Ilimchukua Wacera miaka saba kuwa wakili. Sasa Ngatia huwaeleza watu sokoni hatua zote, moja baada ya nyingine. "Mimi nilisema tangu mwanzo, shule kwanza!" Ati tangu mwanzo! Namwangalia tu.

Juzi nilikwenda mahakamani kumwona Wacera akifanya kazi. Alikuwa na mjane mwingine, wa kesi ya shamba pia. Hakimu akauliza swali. Mama yule hakugeuka kutazama mlangoni. Wacera alikuwa ameshasimama kando yake.