Jini Lenye Kikohozi

Mshairi alikutwa asubuhi amelala kifudifudi katikati ya duara la chaki, sahani ya kauri ubavuni, midomo myeusi kwa wino. Kumzunguka kulikuwa na vitabu vya nyota, vya ramli, vya majina ya majini na saa za kuyaita. Askari wawili waliotangulia walikataa katakata kuvuka chaki. Inspekta aliivuka na viatu vyake vichafu, akawaambia kama kuna jini linataka kumdhuru, lipange foleni nyuma ya wakubwa wake wa kazi.

Alinusa sahani. Chini ya wino kulikuwa na harufu kali ya dawa ya wadudu. Akaagiza sahani ipelekwe maabara na maiti ikafanyiwe uchunguzi.

Mjane alijibu bila kulia, kama mtu aliyechoka zamani. Mumewe, alisema, alisoma vitabu vile mpaka vikamsoma yeye. Kila jioni aliandika jina la jini lake juu ya sahani kwa wino, likaoshwa kwa maji, akayanywa, akazima taa. Sauti ya kike ikaja kumpa beti, naye akaandika gizani. Hivyo ndivyo vilivyopatikana vitabu vitano vilivyompa sifa nchi nzima.

"Wewe uliwahi kuisikia?"

"Nikiwa nje ya mlango. Mwezi uliopita ilikuwa na kikohozi."

"Jini lina kikohozi?"

"Hata mimi nilishangaa, afande. Mume wangu alisema huko linakotoka kuna baridi."

Inspekta alijing'ata ulimi asicheke mbele ya msiba. Akauliza nani aliyeosha sahani. Wifi yake, mjane akasema, dada wa marehemu. Yeye mwenyewe alikataa kugusa mambo hayo.

Dada alikuwa fundi cherehani, akiishi chumba cha pili tangu ndoa yake ivunjike. Inspekta alimwacha sajenti wake amhoji humo humo, yeye akarudi chumbani kwa mshairi, akafunga mlango na mapazia, akachutama penye chaki. Juu ya kabati la vitabu palikuwa na tundu la hewa. Kila neno la dada lilishuka kutoka pale, laini, kama limesemwa sikioni. Shingo ilimsisimka, na yeye mtu wa kuvuka chaki.

Kisha dada akakohoa.

Adhuhuri mkemia alipiga simu: sumu ya wadudu. Kopo lake lilikuwa chini ya meza ya cherehani. Dada alisema ni la nondo wanaotoboa vitambaa.

"Dada," alisema Inspekta, akivuta kiti, "jini lako linahitaji dawa ya kifua."

Mwanamke aliendelea kukunja kitambaa. Halafu akakiweka mezani.

"Alikutesa?"

"Hapana. Alinipokea, akanilisha. Alinipenda."

Alieleza taratibu. Miaka mingi alipeleka mashairi yake kwa mchapishaji, yakarudishwa. Jioni moja akamsikia kaka yake akilia gizani, akiita jini lisiloitika. Kwa huruma, na utani kidogo, akapanda juu ya kigoda na kumpa beti zake kupitia tundu la hewa. Kesho yake kaka alicheza nyumba nzima. Dada akajiambia atamweleza ukweli shairi likiisha. Kisha kitabu kikiisha.

"Jana asubuhi nikamwambia. Nikamghania yote kwa kichwa, uso kwa uso, dirisha wazi. Akalia, akapiga magoti. Nikadhani amenielewa." Akakohoa tena. "Akasema, 'Ahsante, mtukufu, kwa kukubali kuvaa mwili wa dada yangu.'"

Inspekta aliacha kuandika.

"Nikamwambia, kaka, ni mimi. Akaniambia mimi simo humu ndani. Jioni akaniletea sahani. Nikaiosha."

Aliomba jambo moja tu: mchapishaji aelezwe. Inspekta, ambaye hakulazimika, alipiga simu pale pale na kuiweka kwenye spika wote wasikie. Mchapishaji alisikiliza mpaka mwisho, akatoa pole, kisha akauliza kama picha ya dada ingepatikana. Jini limeua mshairi na kuhamia kwa dada yake, alisema. Hilo lingeuza toleo jipya.

"Mashairi ni yake," alisema Inspekta.

"Afande, nani atasoma mashairi ya fundi cherehani?"

Simu ikakatwa. Dada alivaa viatu.

"Basi andika kwamba nimeua. Hilo angalau ni langu."

Nje, wale askari wawili walikwisha kuwasimulia majirani kwamba jini limehamia kwa dada. Watu walimpisha njia wakiinamisha macho. Mzee mmoja alivua kofia. "Shikamoo, mkubwa," alisema, na ilikuwa wazi hakumwamkia dada.

Mjane alimkumbatia wifi yake mlangoni pa gari, akawageukia watu kwa huruma ya kweli.

"Si yeye aliyeua," alisema. "Ni lile jini. Huyu namjua mimi, hawezi kitu."

Inspekta alitafuta utani wa kumpa dada safarini. Walifika kituoni hajaupata.