Saini ya Soda

Mambo yangu yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na tisa Agosti, saa nne na robo asubuhi. Nilikuwa napiga randa ubao wa kitanda, simu ikaita. Alikuwa yeye, mama wa cherehani wa mtaa wa chini, mwanamke niliyekuwa nimuoe mwezi uliofuata.

"Seremala, uko wapi?"

"Karakana. Napiga randa kitanda chetu."

"Acha kitanda. Kuna mtu amenichorea X nyekundu ukutani. Rangi mbichi, inachuruzika mpaka dirishani."

"X ya nini tena?"

"Anasema nyumba inavunjwa, barabara ya wale wa nyumba mpya inapita hapa. Anasema nilishakubali. Saini yangu ipo."

Nikatoka mbio na vumbi la mbao kichwani kama niliyemwagiwa unga.

Ngoja niwaeleze msiojua. Mji wetu ulikuwa mdogo, umetulia. Cherehani yake ikilia kule chini, mimi naisikia huku juu. Kisha wakubwa wakatuletea kampuni ya nyumba. Shamba la alizeti likafyekwa, zikaota nyumba mia zinazofanana kama mikate ya dukani, mpaka wenyewe wanakosea milango. Na mia nyingine zinakuja. Sasa wenye nyumba hizo wanataka lami. Mke wangu alipozidiwa, miaka minne iliyopita, gari la wagonjwa lilinasa kwenye tope likarudi lilikotoka. Nikaambiwa barabara haimo kwenye mpango. Jeneza lake nililipigilia misumari mwenyewe. Leo mpango umepatikana, na unapita katikati ya chumba cha mchumba wangu. Mtu asikasirike?

Nilimkuta barazani, tepu ya kupimia shingoni, mkononi gauni la mteja bado lina pini. Binti yangu, anayeuza duka la jirani, alikuwa ameshafika. Mwenyekiti wa mtaa naye alikuwapo, ananukia kuliko bibi harusi, amefungua faili kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Mama, hii siyo saini yako?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni yangu. Lakini hiyo ni saini ya soda."

"Saini ya soda ndiyo kitu gani?"

"Usinifanye mtoto, mwenyekiti. Siku ya mkutano ulisema kila aliyechukua soda asaini, ili idadi ya chupa itimie. Nikachukua ya chungwa, nikasaini."

"Na juu pameandikwaje?"

Binti yangu akaichukua ile karatasi, akasoma kwa sauti: "Sisi tuliosaini hapa chini tumeridhia kwa hiari yetu kuachia maeneo yetu kupisha barabara, na kuhamia viwanja tutakavyopangiwa."

"Hayo maneno siku ile hayakuwapo," alisema mama wa cherehani.

"Yalikuwapo, mama," binti yangu akamjibu. "Tazama mkunjo huu. Juu palikunjwa kwa nyuma, pakabanwa na kibanio."

Hapo nikalipuka.

"Mwenyekiti, mke wangu alikufa kwa kukosa hiyo barabara. Sasa unataka uninyang'anye na huyu kwa kuipata? Nyie mkishapewa kiti, sisi tunageuka mazulia yenu."

"Mzee seremala, punguza sauti," alisema taratibu. "Kwani si wewe uliyekuwa unaipitisha karatasi kwenye mabenchi? Au milango imekusahaulisha?"

"Milango gani?" aliuliza mama wa cherehani. Hakumuuliza mwenyekiti. Aliniuliza mimi.

"Hayo ni maneno tu ya..."

"Milango gani, seremala?"

Mwenyekiti akanijibia, na alikuwa anafurahia.

"Kampuni ilimwahidi milango ya nyumba mia za awamu ya pili, mama. Hakukuambia? Mimi nilidhani mnachumbiana."

Aliliweka gauni juu ya cherehani. Akavuta tepu shingoni, akaanza kuikunja polepole kwenye kidole.

"Siku ile nilikuuliza, nisaini? Ukasema nini?"

Nilikumbuka vizuri nilichosema. Nilisema, saini bwana, ni soda tu.

"Nenda kwako," alisema.

"Mama, nisikilize..."

"Baba, twende," binti yangu akanishika mkono. Mbele ya watu, nikaondolewa kama mlevi.

Siku mbili nilipiga simu, haipokelewi. Mimi niliishia darasa la nne, meseji moja inanichukua muda wa kutengeneza stuli. Lakini niliandika.

"Nimekuja mara tatu mlango umefungwa. Nijibu."

Jibu lilikuja jioni.

"Mlango huo uliutengeneza wewe. Unajua unavyofungwa."

Ikafuata nyingine.

"Nakuuliza kitu kimoja tu. Uliuona huo mkunjo?"

Wasomaji wangu, mimi ni seremala. Kazi yangu ni kuona kingo. Ubao ukipinda unene wa ukucha naujua kwa kuupapasa. Ile karatasi ilipita mikononi mwangu, na kidole gumba kiligusa ule mkunjo. Nilijua kuna kitu nyuma. Sikuufunua, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshaanza kupaka vanishi milango mia.

Nilikaa na simu siku tatu. Kisha nikaandika neno moja: "Niliuona."

Tiki mbili zikawa za bluu, ameisoma.

Wiki hiyo nilikwenda kwenye lango la kampuni kuwaambia milango yao watafute fundi mwingine. Walau hilo nilifanye kiume. Karani akanitazama kama nimekuja kuuza maboga.

"Milango ipi, mzee? Milango inakuja na kontena, ya chuma, imeshapakwa rangi."

"Mwenyekiti alisema..."

"Mwenyekiti husema mengi."

Kwa hiyo hata kukataa nilinyimwa. Niliondoka pale nikaenda na binti yangu ofisi ya wilaya. Nikamwambia andika kila kitu, na mkunjo, na soda, na kwamba niliuona. Aliandika mpaka akafika kwenye la mwisho, akainua kalamu.

"Baba, una uhakika na hili la mwisho? Watu wote watajua."

"Andika."

Bwana mkubwa wa ofisi akaipokea barua, akaigonga muhuri bila kuisoma, akambakizia binti yangu nakala. Akasema tusubiri. Hao ndio wakubwa wetu. Katapila halikusubiri, lilipangiwa Jumamosi.

Ijumaa saa tisa alasiri simu yangu ikalia. Meseji yake.

"Binti yako amenisomea barua. Njoo ung'oe mlango wako, mti mzuri huo usiliwe na katapila."

Nilikwenda na bisibisi na nyundo. Chumba kilikuwa kitupu, cherehani imefungwa shuka kama mgonjwa anayehamishwa. Nilifungua bawaba moja moja. Yeye alikuwa amekaa juu ya sanduku, ananitazama.

"Unaenda wapi?" nilimuuliza.

"Kwa dada yangu. Kiwanja walichonipangia kiko bondeni, mvua ikinyesha nitashona na vyura."

"Usiende. Kwangu hakuna X. Chumba cha mbele kina mwanga, weka cherehani. Kitanda kimekwisha. Tufunge ndoa wiki hii, hata kesho."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha.

"Kesho? Wewe na haraka zako. Hata soda hatutanunua?"

"Mama, mimi nimekosa. Nimekosa mbele yako na mbele ya marehemu. Lakini wao ndio..."

"Wao nawajua, seremala. Siolewi nao, usiwalete hapa."

Bawaba ya mwisho ikaachia, mlango ukaniangukia mikononi mzimamzima. Nilitafuta pa kuuegemeza.

"Nina swali," alisema, "na safari hii usinijibu upesi kama siku ya mkutano."

"Uliza."

Alisimama, akatoa tepu mfukoni, akaivaa shingoni kama mtu anayerudi kazini. Nje gari la kumbebea vyombo lilikuwa linapiga honi. Hakuligeukia.

"Kuna kunioa, na kuna kuniomba msamaha. Wewe hapo ulipo na mlango wangu mikononi, umekuja kufanya lipi?"