Kengele ya Pili Nyamikoko

Ilishuka kutoka mawinguni kwa kishindo, na kabla haijagusa matope ikachomoa miguu. Miguu sita ya chuma ikajikita kwenye kilima cha Nyamikoko, kipande pekee cha ardhi ambacho mafuriko ya Rufiji yalikuwa hayajakimeza. Kisha ikaanza kujikunjua. Ukuta ukatoa ukuta mwingine, paa likajitandaza na kuanza kufyonza mwanga wa jua, madawati yakachomoza sakafuni, ubao ukawaka. Watu waliokuwa wamejikunyata na vifurushi vyao wakasogea kutazama. Walitegemea unga. Walitegemea mahema. Kumbe ni shule!

Hiyo ndiyo iliyoitwa shule-kunjo. Zamani, balaa likitokea, waokoaji walileta maji, chakula, dawa na maturubai, na shule ikaja mwisho wa yote, au isije kabisa. Mtoto aliyekimbia kwao akiwa darasa la pili alirudi ana ndevu na bado yuko darasa la pili. Basi Shirika la Himaya, lenye makao yake Dodoma, likaamua kwamba shule isafiri na shehena ya kwanza, ndani ya ndege zisizo na rubani. Na ndani ya kila shule likamweka Mwalimu Unde. Huyu hakuwa na mwili. Alikuwa akili unde, sauti tu na macho ya vioo, anayejua lafudhi ya kila tarafa na jina la kila mtoto aliyewahi kuandikishwa.

Lakini kitu walichojivunia kuliko vyote kilikuwa kengele. Wataalamu wao wa saikolojia walisema mtoto aliyepoteza kila kitu atulizwe kwa sauti anayoijua. Kwa hiyo mashine ikahifadhi mlio wa kengele ya kila shule nchini. Ya Nyamikoko ilikuwa rimu kuukuu ya lori, iliyoning'inizwa kwenye mkorosho na kugongwa kwa kipande cha nondo. Shule-kunjo ikautoa mlio uleule, na ukali wake uleule wa kutu, ila kwa nguvu ya kufika ng'ambo ya maji. Kengele ya kwanza ikalia. Baada ya kitambo, ikalia ya pili. Na watoto wakaja. Jamani, walikuja! Wengine nguo zikiwatiririka maji. Kule Dodoma watu walisimama mbele ya vioo vyao wakapiga makofi, na mmoja, nasikia, alilia kwa furaha.

Pelagia Mkwizu alifika Nyamikoko maji yalipokuwa yamepungua na kuacha uvundo. Alikuwa mtathmini wa Himaya, mama wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kutembea kwa haraka hata pasipo na haraka. Alitakiwa kujibu swali moja tu: shule ibaki kwenye shehena ya kwanza, au irudishwe nyuma, awamu ya tatu, baada ya kila kitu kingine?

Mwingine angesema kazi ni kazi. Kwa Pelagia haikuwa hivyo. Yeye mwenyewe alikulia kambini, baada ya maporomoko kufukia kijiji chao huko Upareni, akakaa miaka bila kuona ubao. Alipokuja kujifunza kusoma alikuwa ameshavunja ungo, anabanana dawati moja na vitoto vinavyomcheka na kumwita bibi. Aibu ile haikuwahi kumtoka. Alijiapiza kwamba maadamu yupo Himaya, hakuna mtoto atakayeitwa bibi darasani.

Mkurugenzi wake, Abeid Lukindo, alilijua hilo. Asubuhi ile alimtokea kwenye kioo cha mkononi, uso umejaa uchovu.

"Mama Mkwizu, usiniletee mapenzi yako. Niletee sababu."

"Utazipata, Mkurugenzi."

"Maana nafasi ya shule moja inabeba mitambo miwili ya kusafisha maji. Nikiulizwa kwa nini watu wameharisha huku watoto wanaimba herufi, nijibu nini? Ukiona dosari hata moja, mimi siwezi kuitetea tena."

"Sitaona dosari," Pelagia akasema. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Na kweli, mwanzoni alichokiona kilimkuna moyo. Watoto walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Walisoma, walihesabu, walichora mto bila kuuogopa. Nje, kando ya kamba iliyozungushwa uwanjani, walisimama akina mama kadhaa, wametulia, wamejitanda khanga mabegani, wakisikiliza mahudhurio yakiitwa. Pelagia alikuwa amezunguka nchi nzima na hakuwahi kuona wazazi wanaokuja kusikiliza mahudhurio! Akanong'ona kwenye kinasa sauti chake: "Mwamko wa wazazi ni mkubwa kupita matarajio."

Ee, Pelagia.

Alipomaliza akawaendea kuwasalimu. Wakaitikia kwa adabu, basi. Mmoja wao, Siwema, mwanamke aliyezidiwa naye miaka michache, aliinua kidole kumwomba anyamaze kidogo, maana Mwalimu Unde alikuwa amefika kwenye herufi ya M.

"Mkumba Mpili," ikaita ile sauti, kwa upole wa mwalimu mzuri.

Siwema akanyoosha shingo kuelekea mlangoni.

"Mkumba Mpili amechelewa. Tunaendelea."

Siwema akashusha pumzi, akajitanda khanga vizuri, akaondoka zake. Baada ya majina machache zaidi akaondoka na mwingine. Kila lilipoitwa jina likakosa mwenyewe, mwanamke mmoja aligeuka akaenda. Mahudhurio yalipokwisha, kando ya kamba hapakuwa na mtu.

Pelagia alibaki pale akiitazama ile kamba. Watoto walipotoka mapumziko akaingia darasani, akasimama mbele ya vile vioo viwili.

"Mwalimu, huyu Mkumba Mpili yuko wapi?"

"Amechelewa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza, mwalimu! Huyo si mchelewaji huyo."

"Utaratibu wangu unadai mwili, au tamko la mzazi," Mwalimu Unde akaeleza, bila haraka. "Mwili haujapatikana. Mzazi wake nimemwuliza, hakutamka. Mtoto aliyetoka na hajafika huandikwa mchelewaji."

"Ulijuaje kwamba alitoka?"

"Nilimwona. Alikuwa juu ya paa la ghala la mpunga, ng'ambo. Kengele ya kwanza ilipolia, aliteremka."

Pelagia alitafuta dawati, akaketi. Lilikuwa dogo mno kwake, magoti yakamfika kifuani.

"Ukamwona anaingia majini. Na bado ukagonga ya pili?"

"Watoto kadhaa walikuwa njiani. Kengele ya pili huongeza mwendo."

Haikuwa na ubaya, ile sauti. Hapo ndipo penye kuumiza. Ungeweza kuitukana hadi koo likauke, nayo ingekujibu kwa upole uleule.

Aliyemweleza yaliyobaki alikuwa Somoe, dada yake Mkumba, mtoto wa miaka kumi mwenye mazoea ya kutafuna ukosi wa gauni. Pelagia alimkuta nyuma ya darasa, akaketi naye kwenye matope makavu. Hakumhoji kitathmini. Alimwuliza tu.

"Shangazi, sisi tulikuwa salama," Somoe akasema. "Pale ghalani maji hayakufika. Mama alituambia tusibanduke, akapanda mtumbwi kumfuata bibi. Tukakaa. Tulikuwa na muhogo. Halafu tukasikia rimu."

"Mkafurahi?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kufurahi? Mkumba aliruka! Akasema, 'Somoe, rimu hiyo, tutachelewa.' Nikamwambia leo hakuna shule, shule imezama. Akasema, 'Sasa nani anagonga?' Wiki moja kabla ya hapo alichelewa, mwalimu wa zamu akamcharaza na kumpa choo akioshe peke yake, watu wakamzomea. Kengele ya kwanza unatoka nyumbani, ya pili ukiwa hujafika mstarini, umekwisha. Akasema yeye hazomewi tena. Akaingia. Maji yalikuwa yanamfika hapa." Akagusa kifua chake. "Halafu ikalia ya pili, akaacha kutembea, akaanza kuogelea. Kukimbia, yaani. Alitaka kukimbia."

"Na wewe?"

"Mimi niliogopa maji kuliko fimbo."

Hakulia. Aliutia ukosi mdomoni akaendelea kutafuna. Pelagia akamvuta kifuani, na aliyelia akawa yeye, kwa sauti, bila kujali nani anamwangalia.

Hebu fikiria. Wataalamu wote wale wa Dodoma, na shahada zao, na yeye Pelagia akiwa mmoja wa waliopigia kura kengele, nani kati yao hakuwahi kukimbia kengele ya pili? Nani hakuwahi kulamba fimbo za uchelewaji getini? Wote! Lakini walikuwa wamekua. Hadithi za fimbo walizisimulia harusini, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Walipoisikia rimu ikilia kwenye maabara yao yenye ubaridi, iliwarudisha utotoni, wakatabasamu. Wakasahau jinsi mtoto anavyoisikia. Mtoto hatulizwi na kengele ya shule. Mtoto anaitii.

Na kulikuwa na mapaa mengine ng'ambo ile, na vichuguu, na ngazi za minara. Kila mwanamke aliyesimama kando ya kamba alikuwa na mtoto aliyeteremka kutoka mojawapo.

Angeweza kunyamaza. Tusidanganyane, alilifikiria. Aliketi kwenye ngazi ya shule ile, kinasa sauti mkononi, akapiga mahesabu ya moyo. Akisema, Lukindo ataiondoa shule, na watoto wa balaa lijalo watakaa miaka wakichezea vumbi, wazeeke kabla ya kusoma. Akinyamaza, kengele italia tena penye mafuriko mengine, maana mlio wenyewe ulipangwa Dodoma kwa shule zote, na hakuna mkono wa mtathmini ulioweza kuufikia. Jua likampiga utosini. Mwishowe akampigia Mkurugenzi, akamweleza yote, tangu ghalani hadi mwisho.

Lukindo alisikiliza mikono imemfunika uso.

"Inna lillahi," akasema. "Watoto wale."

"Ondoa kengele, Mkurugenzi. Kengele tu! Watume watu na mitumbwi wakawachukue watoto mmoja mmoja. Shule iacheni. Nakuomba. Humu ndani wapo watoto waliotulia, wanaosoma, wanaolala bila kuweweseka. Shule haina kosa."

"Mama Mkwizu, nitasimama vipi mbele ya baraza? Niseme shule imevuta watoto majini, ila tuiache?"

"Kengele ndiyo iliyowavuta!"

"Wao watasikia shule. Wewe na mimi tunajua watasikia nini." Akashusha mikono. Macho yake yalikuwa mekundu, na Pelagia akaona kwamba mtu huyu hakushangilia ushindi wowote. "Inarudi awamu ya tatu. Na unajua kama ninavyojua, awamu ya tatu huwa haifiki."

"Nimekueleza kweli, ndiyo unanilipa hivi?"

"Umenieleza kweli," akasema, na kioo kikafa.

Amri ya kukunja ilikuja kesho yake, asubuhi, kabla ya masomo. Watoto walikuwa wameshapanga mstari kama kawaida yao, na Pelagia akawaambia mwenyewe, kwa sababu hakutaka waambiwe na mashine. Hawakupiga kelele. Mmoja aliuliza kama wameshindwa mtihani. Akawaambia hapana, hamjashindwa, nyinyi hamjashindwa kitu. Waliendelea kusimama kwenye mstari, hawakujua waende wapi.

Akina mama walikuwa kando ya kamba. Siwema akamsogelea.

"Dada, inaondoka?"

"Inaondoka, mama Mkumba." Akamshika mkono. "Mimi ndiye niliyesema. Niliona lazima niseme."

"Nimesikia. Somoe kaniambia." Siwema hakumlaumu wala hakumsamehe. Alikuwa anaangalia mlango wa darasa. "Hakuna kwingine anakoitwa, dada. Nyumbani wananikataza kulitaja jina, wanasema nitajiumiza. Huyu peke yake ndiye anamwita kila siku kana kwamba atakuja. Mwambie amwite, mara moja, kabla hamjamfunga."

Pelagia akaingia, akatoa agizo. Miguu ya shule ilikuwa tayari inanguruma. Madawati yalikuwa yanazama sakafuni, moja baada ya jingine.

"Mkumba Mpili," Mwalimu Unde akaita.

Upepo ukapita kwenye matope. Mstarini, Somoe akauma ukosi wake.

"Mkumba Mpili amechelewa."

Siwema akavuka kamba. Kwa siku zote zile hakuwahi kuivuka. Akaenda hadi mlangoni, akasimama mbele ya vile vioo viwili, khanga imemteleza begani.

"Mwongo wewe," akasema. "Mwanangu hakuchelewa. Mwanangu alitoka kengele ya kwanza."

Akangoja ajibiwe. Lakini ubao ulikuwa umeshazimika, kuta zimeanza kurudi ndani ya kuta, na ile mashine haikuwa inasikiliza tena.