Matone kwenye Zulia la Daraja la Biashara

Don Gastón Arandia aliteremka El Alto, uwanja wa ndege wa La Paz, akiwa maiti. Abiria wa nyuma walikuwa wameshaanza kusukumana na mabegi yao pale mhudumu wa ndege, Marisel Yapura, alipomgusa bega kumwamsha. Bega halikujibu. Marisel hakupiga kelele. Alivuta pazia la daraja la biashara, akaenda kumwita rubani.

Mkaguzi Zenobia Poma wa kitengo cha mauaji alipanda ndegeni akiwa bado na koti la baridi. Ndege ilikuwa imetoka Bogotá usiku ule ule. Viti vya mbele vilikuwa vitupu, isipokuwa viwili: cha dirishani alichofia Don Gastón, mwenye mgodi tajiri wa Oruro, na cha ubavuni mwake, alichokalia mfanyabiashara wa vitambaa, Doña Sabina Colque.

"Soroche, ugonjwa wa mwinuko," alisema Daktari Urioste, mpasuaji maiti wa polisi, hata kabla hajavaa glavu. "Mzee, mnene, moyo mbovu, na hewa yetu nyepesi. Nisaini tukanywe kahawa."

"Amefia wapi?"

"Hapa hapa El Alto. Wapi tena?"

Zenobia alimwinamisha marehemu, akampandisha shati. Mgongoni damu ilikuwa imeshatuama, imefanya mabaka ya zambarau. Taya nalo lilikuwa limeanza kukaza.

"Ndege imetua sasa hivi, Daktari. Haya mabaka yamepata wapi muda?"

Daktari alikohoa.

"Amekufa angani," Zenobia alisema. "Na angani, milango ikiwa imefungwa, hewa ya humu ndani ni nzito kuliko ya kwetu. Soroche humkamata mtu akishafika hapa. Huyu hakufika."

"Basi ni moyo."

"Basi mpasue tuuone huo moyo. Kahawa itasubiri."

Daktari aliondoka amenuna. Zenobia hakujali. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye uwanja ule alikuwa amechoka na neno hilo moja, ambalo kila mvivu alilitumia kuzikia watu.

Kulipokucha, majibu ya maabara yalikuja. Tumboni mwa marehemu mlikuwa na wiski na dawa ya usingizi ya kumlaza ng'ombe. Bilauri yake, iliyokutwa kwenye droo ya jikoni ya ndege, ilikuwa na mabaki ya dawa ile ile. Alama za vidole zilikuwa za watu wawili tu, marehemu na Marisel. Mkobani mwa Marisel kulikuwa na vidonge vya usingizi.

Sajini Limachi hakungoja kuambiwa. Zenobia alimkuta binti wa watu ameshatiwa pingu kwenye ofisi ya polisi ya uwanjani.

"Ulimhudumia wewe?" Zenobia aliuliza.

"Mimi. Mara tatu."

"Mligombana?"

"Alinishika matako nilipomletea ya pili. Nikamwambia akome. Akasema akishuka atahakikisha nafukuzwa kazi."

"Ukakasirika."

"Mkaguzi, ningekuwa naua kila abiria anayenishika, mngeteremsha ndege nzima kwa machela."

Limachi alicheka. Zenobia akamkata jicho.

"Vidonge?"

"Nalala mchana, nafanya kazi usiku. Wenzangu wote wanavyo. Waulize."

"Wakati wa kutua hukumwona kama amekufa?"

"Alinionya nisithubutu kumwamsha. Nikamnyanyulia kiti kwa kitufe, taratibu, nikafunga mkanda juu ya blanketi." Hapo ujasiri ukamwishia, machozi yakamtoka. "Nilimfunga mkanda maiti, Mkaguzi. Na nikamwambia karibu La Paz."

Alama za vidole, vidonge, ugomvi. Hakimu yeyote angemfunga Marisel kabla ya chakula cha mchana. Zenobia alijua hivyo, na jambo hilo lilimkera, kwa sababu pua yake ilikataa. Muuaji gani anayeweka bilauri yenye sumu kwenye droo yake mwenyewe bila kuisuuza, na maji yako karibu?

Doña Sabina alikuwa amekaa chumba cha pili, sketi yake pana imejaza kiti, kofia ya duara magotini, shali ya rangi mabegani.

"Ulimjua marehemu, doña?"

"Nimjulie wapi? Aliponiona aliniita mamita, kama mtu amwitavyo mchuuzi wa sokoni, akaniuliza kama nimekosea kiti."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwonyesha tiketi. Watu kama yeye hawaamini macho yao mpaka waone karatasi."

"Viti vyote vya mbele vilikuwa vitupu. Kwa nini hukuhama?"

"Nililipia kile."

"Ulikunywa nini?"

"Maji."

"Pombe?"

"Tangu nimzike mwanangu, pombe haijagusa mdomo wangu."

Alilisema hilo kwa sauti kavu. Zenobia akampa pole, naye akaipokea kwa kutikisa kichwa, basi.

Mkaguzi alirudi ndegeni peke yake. Alipiga magoti mbele ya viti vile viwili, akawasha tochi. Mbele ya kiti cha marehemu zulia lilikuwa safi. Mbele ya kiti cha Doña Sabina, pale ambapo sketi ingepafunika, palikuwa na doa dogo lililokwisha kukauka. Aliinama akanusa. Wiski.

Kinywaji kikimwagika kwa bahati mbaya hutapakaa. Hiki hakikutapakaa. Kilikuwa matone machache yaliyodondoshwa mahali pamoja, kwa utulivu. Zenobia alibaki pale chini kwa magoti. Yeye mwenyewe alikuwa ameyamwaga matone ya namna hiyo kila Ijumaa ya maisha yake. Baba yake alimfundisha hivyo: kwanza anakunywa Pachamama, ardhi iliyotuzaa, halafu wewe.

Alikata kipande cha zulia kwa wembe, akakipeleka maabara mwenyewe. Alisimama mlangoni mpaka alipojibiwa. Dawa ilikuwemo.

Halafu alifanya jambo ambalo hakulipenda. Alimwambia Limachi amlete Marisel, na pingu zake, ndani ya chumba cha Doña Sabina.

"Huyu binti anakwenda gerezani leo," Zenobia alisema. "Nilitaka umwone kabla hajaondoka, doña."

Doña Sabina alitazama pingu. Aliangalia dirishani, akazitazama tena.

"Hakufanya lolote," alisema.

"Nani alifanya?"

Doña Sabina aliizungusha kofia magotini.

"Kuna wiski kwenye zulia, miguuni pako, na ina dawa. Wewe hunywi. Don Gastón hakuwa mtu wa kumpa Pachamama hata mate. Nani aliishika bilauri ile, doña?"

Mwanamke alivuta pumzi ndefu.

"Mimi. Alikwenda chooni. Niliishika kwa shali. Nikatia matone yangu ya usingizi, yale niliyoandikiwa tangu Ramiro afe. Chupa nzima."

"Ramiro alikuwa mwanao?"

"Alikuwa shimoni, mgodi wake Arandia. Mhandisi alisema njia ile itaporomoka. Arandia akawaingiza hivyo hivyo. Ikaporomoka Ijumaa." Alimtazama Mkaguzi. "Unajua Ijumaa wachimbaji wanafanya nini?"

"Wanammwagia pombe Tío, mzimu mwenye shimo."

"Chupa ilikutwa mbele ya sanamu yake. Arandia akaipeleka mahakamani. Akasema vijana wale walikuwa walevi, walijiua wenyewe kwa baruti. Wakaandikwa hivyo. Mwanangu hakuwa amekunywa, Mkaguzi. Alikuwa amemwaga. Na jana nimekaa naye bega kwa bega, yule mtu, hakunitambua! Mahakamani nilimlilia miguuni. Jana akaniuliza kama nimekosea kiti."

Marisel alikuwa analia bila sauti.

"Kwa nini ulimwaga?" Zenobia aliuliza. "Usingemwaga, usingekuwa hapa. Wote wangesema ni huyu binti."

"Ningempa mtu kifo bila kumwomba ruhusa Pachamama anayempokea, ningekuwa muuaji kama yeye." Alifikiri kidogo. "Lakini mimi ni muuaji vile vile, sivyo?"

"Ndiyo, doña."

Doña Sabina aliweka kofia mezani, akasimama, akamsogelea Marisel.

"Nisamehe, binti yangu. Nilikusikia ukilia nyuma ya ukuta toka alfajiri, nikanyamaza."

Marisel aliangalia pembeni.

Zenobia alimwashiria sajini. Limachi alizifungua pingu mikononi mwa Marisel, na kwa kuwa alikuja na jozi moja tu, alizigeuza zikiwa bado na joto, akamfunga Doña Sabina.