Keria Juu ya Boksi la Skonzi

Wanamajengo wenzangu, sogeeni, na mwenye skonzi mdomoni ameze kwanza. Habari hii ikikukuta unatafuna, usije ukanilaumu mimi.

Mnakumbuka asubuhi za kwa Walburga. Jua halijapanda, mtaa mzima unanukia iliki. Walburga anatoa trei kwenye oveni ya mkaa, bintiye mdogo Fortunata anaimba nyimbo zake zisizoeleweka, mumewe Ramson anafuta pikipiki. Nyumba ya amani. Skonzi hizo Ramson alizipeleka mpaka Lusewa, kwa Mama Chiku mwenye kibanda cha chai, na kila akirudi aliacha moja ndani ya boksi la nyuma ya pikipiki. Hiyo ilikuwa ya Walburga. Alipenda kuionja aone zilifikaje kwa wateja.

Basi tamaa ikapiga hodi. Boksi la zamani lilipopasuka, Ramson akanunua jingine la mtumba, kubwa, la plastiki nene, na kifuniko chake. Siku hiyohiyo akaenda nalo kwa fundi Majaliwa, keria ya chuma mkononi.

"Fundi, nifungie keria hii juu ya kifuniko."

"Ubebe nini huko juu?"

"Mabegi ya abiria. Nini tena?"

"Sawa, lakini kila bolti lazima niiwekee raba na gundi ya kuzuia maji. Bila hivyo kitakachomwagika juu kitaingia ndani. Raba zimeniishia, njoo kesho."

"Raba ya nini, fundi? Kwani mimi nabeba supu?"

Kijiwe kizima kikacheka. Ramson akarudi nyumbani na boksi lake, akapasha msumari kwenye jiko la mkewe, akatoboa kifuniko mwenyewe, akakaza bolti huku anapiga mluzi.

Mabegi ya abiria, eti! Wiki haikuisha, juu ya keria likapanda dumu la dawa ya kupulizia mikorosho, linatoka duka la pembejeo linakwenda kwa wakulima wa Lusewa. Juu sumu, chini skonzi. Safari moja, malipo mawili. Walburga hakuambiwa kitu, maana dumu lilipakiwa mbele ya safari, mbali na macho yake.

Sasa sikilizeni alichofanya.

Njia ile na mashimo yake mnaijua. Kufika Lusewa, dumu limevujia kwenye kifuniko, dawa imeshuka kwenye matundu ya bolti. Ramson akafungua boksi. Skonzi za juu zimelowa maji meupe kama maziwa, harufu inakata pua. Mtu mwenye utu angezitupa. Yeye akachomoa kitambaa cha kufutia cheni. Cheni, jamani! Akazifuta mojamoja, zilizolowa akazizamisha chini, kavu zikakaa juu. Akamkabidhi Mama Chiku huku anatabasamu.

"Mbona leo zinanuka, baba?"

"Ni boksi jipya hilo, mama. Litazoea."

Litazoea! Mtu anakuuzia sumu, halafu anakwambia boksi litazoea.

Jioni akarudi Majengo. Siku hiyo alitaka kuacha boksi tupu, lakini kwa haraka zake skonzi moja ilibaki imenata kwenye kona. Walburga akafungua boksi mwenyewe kama kawaida yake, akaikuta.

"Hii ina harufu gani, baba Fortu?"

Ramson alikuwa kwenye stuli anavua viatu. Akisema ya hii, itabidi aseme na za Lusewa. Akainamia kamba za viatu.

"Harufu ya boksi tu. La mtumba hilo."

Walburga akaamini. Akauma. Akatafuna. Mume anamtazama, anamwona anameza, na yeye kimya! Nimeshawaona panya wa jalalani wenye aibu kuliko huyo. Walburga akauma tena, kisha akamega kipande akampa Fortunata.

Hapo Ramson akaruka kama kaumwa na siafu, akakipiga kile kipande kikaangukia mchangani.

"Usile!"

Walburga akabaki na tonge shavuni. Akamtazama mumewe, akalitema kiganjani taratibu.

"Mtoto asile," akasema. "Mimi nile?"

Ndipo Ramson akasema yote. Walburga hakumtukana. Jasho limeshaanza kumtoka, mate yanamjaa mdomoni, lakini kitu cha kwanza alichoshika ni simu.

"Mama Chiku, usiuze skonzi zangu, zina sumu! Uliyemuuzia mkimbilie, mpeleke zahanati."

Akakata simu, akatapika, na majirani tukambeba mpaka hospitali.

Alipona. Kule Lusewa mzee Bakili alikuwa ameshakula, naye waliwahi kumwokoa. Zilizobaki Mama Chiku alizifukia. Kwa hiyo hakuna aliyekufa, isipokuwa biashara ya Walburga. Watu wanampa pole, halafu wananunua kwingine. Hakutoboa kifuniko, hakubeba dumu, kazi yake ilikuwa kukanda unga. Leo kuku wanatagia kwenye oveni yake.

Alihamia na mtoto kwa dada yake, Asumpta. Ramson akamfuata, akasimama mlangoni.

"Mke wangu, nisamehe. Lilikuwa tone tu."

"Tone nimekusamehe," Walburga akamjibu. "Ulivyonitazama nikimeza, hapana." Akafunga mlango.

Na boksi? Ramson alilitupa jalalani pamoja na keria yake. Mpaka leo liko palepale. Songea hii hii, chuma kilale nje na kisiguswe! Hata wezi wameona kinyaa.

FUNZO

Ndugu zangu, msibebe chakula na sumu kwenye chombo kimoja, na fundi akikwambia subiri raba, subiri. Lakini kubwa ni hili: kosa likishatokea, sema papo hapo, hata kama utaaibika mbele ya mkeo na wateja wako. Dumu lilimharibia Ramson skonzi. Ukimya wake ndio uliomharibia nyumba. Kabla hujamuuzia mtu kitu, jiulize kama mwanao ungemwachia ale. Kama ungempokonya, basi mpokonye na mwenzako, maana naye ni mtoto wa mtu.